Likizo ya mwezi wa sita na baridi hii ya Moshi: nifanye nini na watoto wakiwa ndani?

Mama wa Watatu (Moshi, Soweto)

Habari zenu wazazi wenzangu. Shule zimefungwa na mwaka huu hatuendi popote. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili huwa hainipi shida, maana tunapanda Kibosho kwa babu yao, wanakutana na binamu zao, kihamba chote, yaani shamba la ukoo, kinakuwa chao, siwaoni mpaka njaa iwaume. Hii ya Juni ndiyo ngumu. Mimi naenda kazini nusu siku, baba yao yuko safarini, na hali ya hewa mnaijua wenyewe: ukungu mpaka saa nne, manyunyu, mlima umejificha, watoto wamejikunyata kwenye kochi na masweta mawili mawili wanaangalia katuni. Umeme ukikatika ndipo ugomvi unapoanza.

Wa kwanza ni wa kiume, yuko darasa la tano, anapenda kufungua fungua vitu. Wa pili ni wa kike, darasa la pili, yeye ni kuchora tu. Wa mwisho ana miaka minne na anataka kila kitu wanachofanya wakubwa.

Nimetafuta mtandaoni nikakuta mambo mazuri, ila mengi ni ya nchi za watu: majani mekundu ya msimu wao, maboga ya kuchonga, gundi za kung'aa ambazo hapa hata sijui nianzie duka gani. Nataka kitu cha msimu wetu huu wa baridi, cha vitu vilivyomo ndani au ninavyoweza kupata sokoni Mbuyuni kwa elfu mbili tatu. Na nikirudi saa saba nataka nikae nao na mimi, si kuwapa kazi nikaondoka. Nyie wenzangu mnafanya nini na wa kwenu?

Fundi Baiskeli (Arusha, Unga Limited)

Dada, huyo wa darasa la tano mpe gari la kidumu. Tafuta kidumu cha mafuta ya kula cha lita tatu au tano, kilaze, kata dirisha juu. Ekseli ni spoki za baiskeli. Pita kwa fundi yeyote, spoki mbovu atakupa bure. Matairi ni malapa yaliyokatika: weka kikombe juu ya lapa, zungushia kalamu, ukate wewe kwa kisu kikali, usimwachie yeye.

Sasa wengi wanakosea kwenye tundu la tairi. Lapa ni laini, spoki ikizunguka tundu linapanuka, kesho tairi linayumba na mtoto analia. Chukua vizibo vya soda, viponde kwa nyundo vilale kabisa, vitoboe katikati kwa msumari, uweke kimoja kila upande wa tairi. Spoki izunguke ndani ya bati, isiguse lapa. Ncha za spoki zipinde. Gari hilo litaburuzwa mpaka shule zifunguliwe.

Mwalimu Mstaafu (Arusha, Sakina)

Mama wa Watatu, pole na majukumu. Umeuliza jambo ninalolipenda sana, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Nilifundisha shule ya msingi, madarasa ya chini, mpaka nikastaafu, na sasa wajukuu wanaletwa kwangu kila likizo. Ninachoamini ni hiki: mtoto hachoshwi na kazi ya mikono, anachoshwa na kitu ambacho kikiisha hakina kazi. Mwambie abandike pamba kwenye karatasi, atabandika, atakuonyesha, halafu atarudi kwenye televisheni. Lakini akitengeneza tiara, bado ana kazi ya kuirusha. Ikigoma, ana kazi ya kujua imegomea nini. Ndiyo maana nampongeza Fundi kwa hilo gari.

Anza na manjano, maana hilo unaweza kulifanya leo jioni na wote watatu wataliweza.

Nunua manjano ya unga kidogo tu. Magadi nadhani unayo jikoni, yale ya kulainishia makande. Koroga kijiko kimoja cha manjano kwenye robo kikombe cha maji ya moto, acha mashapo yatue. Karatasi zisiwe na mistari. Hata zile za ofisini zilizochapwa upande mmoja zinafaa. Wazipake manjano kwa kipande cha pamba mpaka zienee, mzianike zikauke. Huku nyuma ponda kipande kidogo cha magadi, ukubwa wa harage, ukiyeyushe kwenye vijiko vitatu vya maji. Njiti ya kiberiti mzungushie pamba kwenye ncha. Hiyo ndiyo kalamu.

Mtoto akichovya kalamu yake kwenye maji ya magadi na kuchora juu ya ile njano, mstari unatoka mwekundu palepale chini ya mkono wake. Ni wekundu ule wa damu ya mzee, na maji aliyochovya hayakuwa na wekundu wowote. Watazame nyuso zao hapo, usiwe na haraka ya kueleza. Kisha mpe kipande cha limau akamulie tone moja juu ya mchoro. Wekundu unafutika, njano inarudi, na pale magadi yalipokuwa mazito panatoka mapovu madogo.

Huyo wa darasa la tano atauliza kwa nini. Mwambie ndani ya manjano mna rangi inayobadilika ikikutana na besi, yaani kinyume cha asidi, na magadi ni besi. Limau lina asidi, inalivunja nguvu lile gadi, rangi inarudi ilivyokuwa. Halafu mwachie jiko: maji ya sabuni ya kipande, maji ya majivu yaliyochujwa, siki, mtindi, chai ya rangi. Akate karatasi ya njano vipande vyembamba, achovye kila kimoja, aandike kwenye daftari kipi kimegeuka na kipi hakijageuka. Atakuwa ametengeneza karatasi za kupimia asidi na besi kabla hajafundishwa sekondari.

Binti anayependa kuchora mfundishe barua ya siri. Achukue karatasi nyeupe tupu, aandike kwa maji ya magadi, aiache ikauke. Haitaonekana kitu. Atakayeipokea anaipangusa kwa pamba yenye manjano na maneno yanajitokeza mekundu. Mwaka jana wajukuu wangu walitumiana barua hizi nyumba nzima, kuanzia chumbani mpaka jikoni, na yule aliyekuwa mzito wa kusoma akasoma zote.

Wavae nguo za zamani. Doa la manjano likikutana na sabuni litageuka jekundu, usishtuke, ni jambo lilelile. Suuza na uanike juani, jua linalipausha. Magadi yasiingie machoni, na mdogo asiyaonje.

Sasa tiara. Hapa ndipo penye raha yenyewe.

Watoto wa hapa mjini walikuwa wakitengeneza kwa mifuko ya rambo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 rambo si kitu cha kuokota tena, na mimi nafurahi, mifereji imepumua. Gazeti linafaa sana. Njiti ni za fagio la chelewa; fagio moja litatosha tiara za mtaa mzima. Chagua njiti zilizonyooka, ukipinda moja kwa vidole ijikunje bila kuvunjika. Gundi ni uji wa unga wa ngano, mzito, uupike kidogo usiache madonge.

Kata gazeti liwe mraba kamili. Kata njiti ya kwanza itoshe kona kwa kona, ilale imenyooka, bandika. Ya pili iwe ndefu kidogo kuliko hapo, uipinde upinde, ncha zake ziguse zile kona mbili zilizobaki. Kila ncha uifunike kwa kipande cha gazeti chenye uji, na katikati pia weka vipande viwili vitatu. Usizidishe uji, karatasi ikilowana sana inakunjamana na inakuwa nzito. Iache ikauke usiku kucha. Katika baridi hii saa mbili hazitoshi.

Hatamu ndiyo siri ya tiara. Toboa pale njiti zinapopishana, toboa tena karibu na ncha ya chini, pitisha uzi kwenye matundu hayo uwe umelegea, ufunge huku na huku. Uzi mrefu wa kurushia ufungwe kwenye hatamu hiyo, karibu zaidi na pale njiti zinapopishana kuliko kule chini. Ukiufunga katikati kabisa, tiara itakuwa inalala. Mkia fanya wa vipande vya kanga chakavu, urefu mara tano ya tiara kwa kuanzia.

Halafu nendeni uwanjani, na hapa tafadhali mwachie mwanao. Tiara ikizunguka zunguka na kupiga mbizi, mkia ni mfupi, aongeze. Ikigoma kupanda, mkia ni mzito, apunguze. Ikielemea upande mmoja, upinde haukukaa sawa. Usimtengenezee. Msimulie mara moja tu, kisha mwache aongeze na kupunguza mwenyewe. Wanafunzi wangu niliowaona wakibadilika ni wale walioshindwa saa nzima, ikapanda saa ya pili.

Juni upepo wetu ni wa mchana, ukungu ukishapanda. Ikigoma kabisa msiitupe, Julai ikielekea Nanenane upepo unakuwa mzuri zaidi. Na msirushe karibu na nyaya za umeme hata siku moja. Ikinasa kwenye waya, imekwenda hiyo, mtengeneze nyingine.

Nesi wa Zamu (Moshi)

Mwalimu, asante sana. Naongeza moja tu kwa kuwa tunazungumzia watoto kushinda ndani msimu huu. Msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga milango na madirisha ili mpate joto au mkaushe hizo karatasi. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, mtu anaona usingizi tu, kichwa kinauma, na anaweza asiamke. Jiko likae nje au barazani. Ndani ni soksi, sweta, uji wa moto na blanketi. Akilalamika kichwa kinamuuma na kuna jiko linawaka, mtoe nje kwanza apate hewa, halafu hospitali.

Mama wa Watatu (Moshi, Soweto)

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma maelezo yako nikiwa kazini na nimepitia manjano dukani wakati wa kurudi. Yaani sijui niseme nini. Binti yangu ameandika barua ya siri kwa babu yake, na amesisitiza tuambatanishe manjano kwenye kikaratasi ili babu apanguse mwenyewe. Kaka yake ameshachovya kila kilichomo kabatini. Sabuni ya kipande imegeuza, majivu yamegeuza, siki haikugeuza. Sasa anataka kujua dawa ya meno.

Nesi, asante kwa onyo. Kuna nyumba mtaani kwetu wanafanya hivyo, kesho nitaongea na mama mwenye nyumba.

Nina maswali mawili. Uzi wa tiara nitumie upi, maana wa nailoni naogopa utawakata vidole? Na huyu wangu wa miaka minne: tiara haiwezi, gari haliwezi, kuchora kwa magadi alikuwa anapiga kelele za furaha lakini lazima nimshike mkono. Kipo cha kwake peke yake?

Mwalimu Mstaafu (Arusha, Sakina)

Marahaba mwanangu. Dawa ya meno mwache ajaribu, na aandike jina la aina aliyotumia, maana si zote zitatoa jibu moja.

Uzi chukua wa cherehani, wa pamba, uukunje mara mbili na kuusokota. Wa nailoni umeusema vizuri, unakata. Uzungushe kwenye gunzi kavu la muhindi. Gunzi lina mikwaruzo, uzi hautelezi, na mkono wa mtoto unalishika vizuri.

Huyo mdogo ndiye wa msimu huu hasa, maana mahindi mabichi yameingia sokoni. Mkichoma au kuchemsha, maganda msitupe. Chagua yale laini ya ndani. Kama yameshakauka, yaloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yalegee. Panga maganda manne au matano, funga kwa ukambaa mwembamba wa ganda karibu na ncha moja, kisha yageuze yafunike lile fundo, ufunge tena chini yake. Umepata kichwa na shingo. Ganda jingine lisokote, lipitishe chini ya shingo, hiyo ni mikono. Funga kiuno. Sehemu ya chini iache itawanyike, ni gauni. Akitaka wa kiume, ipasue mara mbili na kufunga kila mguu. Ndevu za muhindi ziwe nywele.

Yeye kazi yake ni kuchagua maganda, kuyazamisha kwenye maji na kushika pale unapofunga fundo. Kushika ni kazi ya kweli, mwambie hivyo, akiachia linafunguka. Ukimaliza usimchoree macho. Mpe mwanasesere bila uso kwanza, utashangaa mazungumzo watakayokuwa nayo. Baada ya siku chache litakauka na kupauka, apewe jingine, mahindi yapo.

Na jambo ulilosema mwanzoni, kwamba unataka kukaa nao. Wewe nawe tengeneza la kwako. Ukiwa unasimamia tu, watakuwa wanakuuliza kila dakika kama wamepatia. Ukiwa na ganda lako mkononi na wewe unahangaika na fundo, watakuacha ufanye, na watazungumza mambo ambayo ukiwauliza hawakujibu. Mjukuu wangu mmoja aliniambia mbele ya bakuli la maganda kwamba kuna mtoto anamchukulia chakula chake shuleni. Mama yake alikuwa amemuuliza muda mrefu anakonda kwa nini.

Mjomba wa Pasua (Moshi)

Shikamoo Mwalimu, hapo mwisho umenigusa.

Mama wa Watatu, mimi nakupa la jioni, umeme ukikatika. Tengenezeni bao kwa trei za mayai. Trei moja ina vikombe 30, tano kwa sita. Bao letu linataka mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Kwa hiyo chukua trei mbili, kata kila moja ibaki nne kwa nne, ziunganishe kwa uji wa Mwalimu na ukanda wa gazeti chini na juu. Zikikauka bandika ubao mzima juu ya kipande cha boksi usiyumbe. Binti mchoraji apake rangi, kila mchezaji ana safu mbili za rangi yake.

Kete ni 64. Kwa watoto cheza bao la kujifunza: kete mbili mbili kila shimo, zinaisha kamili, hakuna kubishana nani kaanza na nyingi. Usiwaanzishie bao la wakubwa la kunamua, yaani la kuingiza kete za mkononi moja moja, watakata tamaa. Darasa la pili atajua kuhesabu mbele ya mkono ndani ya wiki, ataanza kusema "hii itaishia pale" kabla hajainua kete. Baba yangu alitufundisha hesabu hivyo, na mashimo yalikuwa yamechimbwa chini kwenye udongo.

Mama wa Watatu (Moshi, Soweto)

Heshima zote kwa Mwalimu, na asanteni wote. Kesho napitia Mbuyuni: fagio la chelewa, mahindi, unga wa ngano. Trei ninazo. Spoki kijana ameshaenda kuziomba kwa fundi wa hapa kona, amerudi na sita. Mjomba, kete tutumie maharage au punje za mahindi?

Mjomba wa Pasua (Moshi)

Maharage makavu, ya aina moja. Ukichanganya ya madoa na mekundu watagombania rangi. Punje za mahindi ni nyepesi, zinaruka nje ya kikombe mtoto akitupia kwa haraka. Na kila mkimaliza zihesabu mpaka zitimie 64 ndipo uzifunge kwenye kopo. Ukiwa na wa miaka minne ndani ya nyumba, harage lililopungua unalitafuta usiku huohuo, chini ya kochi kwanza, halafu puani.